Sombe si Kosa

Jumatatu, 3 Machi 2025. Mbarara

Nimeanza kazi leo, na tayari natamani sabuni ya kunawa macho.

Ofisi iko juu ya duka la vitenge, upande wa Kakoba. Kampuni inaendesha mchezo wa simu unaoitwa Ngome Tisa: watu watano dhidi ya watano, mnabomoleana ngome, na huku mnaandikiana kwenye chati. Kazi yangu ni kusoma chati hiyo, hasa Kiswahili chetu cha Kongo, kwa sababu vijana wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wamejaa humo na hakuna mwingine hapa anayewaelewa. Chumbani tuko wawili. Claude, Mrundi mwenye miwani na baba wa mapacha, anasoma Kirundi. Mkubwa wetu ni Bwana Nuwagaba, Mnyankore mpole, havui tai hata jua likiwaka, na Kiswahili chake alikiokota kwa baba yake aliyekuwa askari.

Kazi yenyewe iko hivi. Matusi yanayojulikana yamo kwenye orodha, mashine inayakata na kuweka nyota. Neno jipya likilalamikiwa linakuja kwangu, nami nina vitufe viwili. Nikibonyeza "Si kosa", naandika neno moja la maelezo na limekwisha, mashine inakumbuka na hailileti tena. Nikibonyeza "Kosa", kinafunguka kisanduku, niandike maana yake yote bila kuficha. Ijumaa Bwana Nuwagaba anavisoma visanduku vyote kwa sauti mbele ya ofisi nzima, eti tujifunze.

Nimesaini karatasi kwamba sitamwambia mtu wa nje nafanya nini humu. Jina langu ni Mkaguzi namba 4. Nyumbani nimesema naingiza majina ya watu kwenye kompyuta.

Jumanne, 4 Machi

Aliyetunga orodha ya matusi alifanya kazi yake kwa bidii ya kijinga. Neno lile la herufi nne, la kumtukana mwanamke kwa mwili wake, mashine inalikata popote inapoliona, hata tumboni mwa neno jingine. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumaliza mechi. Inatoka liza. Mama mmoja aliwaomba wenzake "tunaomba kumaliza haraka mtoto analia", mashine ikamfungia dakika kumi. Bwana Nuwagaba mwenyewe aliandika kwa Kinyankore kwamba anataka okumanya, yaani kujua, tatizo liko wapi. Ikatoka onya. Tulicheka mpaka Claude akavua miwani.

Na chini yake, bila nyota hata moja, kijana anamwambia msichana kwamba anajua bomba analotekea maji na saa anayokwenda. Hapo mashine haikuona kitu. Maneno yote ni safi.

Alhamisi, 6 Machi

Mchezoni kuna mpiganaji wa kike anayeitwa Ilara. Waliomchora walimpa upanga mrefu kuliko yeye, na kifuani wakampa vipande viwili vya ngozi visivyofunika kitu. Wachungaji wakaandika barua. Kampuni ikamvika fulana ya kijivu, kwa simu za huku kwetu tu, imechorwa kwa haraka hata akigeuka inachelewa nyuma yake.

Sauti yake wameiacha. Akipigwa anatoa mlio ambao si wa mtu aliyeumia. Mimi nimesikia mwanamke akipigwa, nimesikia kule Fizi, Kongo, nikiwa mtoto, na halii vile. Kila mwanaume ofisini anajua mlio ule ni wa nini na hakuna aliyeandika barua kuhusu huo.

Barua ya mchungaji mmoja ina kurasa tatu, inaeleza vazi la Ilara mshono kwa mshono. Mtumishi wa Mungu ameangalia kwa makini. Nao vijana wamefurika chatini: turudishieni kifua chetu, mnatunyima uhuru. Chetu! Wiki nzima wanagombania kifua kimoja, tena cha rangi. Wote wananichefua, na sioni nianze na nani.

Jumamosi, 8 Machi. Nakivale

Nimerudi nyumbani New Congo, kijiji chetu kambini. Mvua imeanza vizuri, mama anapanda maharage.

Niandike kuhusu Sonia, mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa. Ana miaka kumi na tisa. Alimaliza kidato cha nne, na tangu hapo ni jembe na madumu ya maji. Ana timu ya wasichana watano, wanachezea kwenye kituo cha vijana, na jina lake mchezoni ni Radi. Msimu huu ligi ina zawadi ya maana: timu itakayoshinda, wote watano watasomeshwa kompyuta mwaka mzima Mbarara, kula na kulala huko huko. Sonia anacheza vizuri kuliko vijana wote wa hapa, sisemi kwa sababu ni ndugu yangu, nimesoma wanavyomwogopa Radi. Walidhani ni mwanaume.

Leo ni Siku ya Wanawake. Asubuhi mchezo umempa kila mwanamke zawadi, taji la rangi ya waridi pembeni ya jina lake. Nilimkuta Sonia amekaa mlangoni na simu, uso umekunjamana.

"Yaya, bametupatia taji ya nini? Ona. Sasa kila mutu anajua."

"Itoe."

"Haitoke. Banasema itabakia mpaka mwisho wa ligi. Banasema ni zawadi."

Nilijua walioketi wakaamua jambo hili, nimewaona ofisini wakila keki yake jana. Nilimwambia asijali.

Alhamisi, 13 Machi. Mbarara

Leo limekuja neno sombe.

Mlalamikaji ni Radi. Aliyelaumiwa ni Laurent, nahodha wa timu ya Tanganyika. Namjua Laurent, anapiga ngoma kanisani kwetu, mama yake Perpétue anauza sombe sokoni Base Camp, imeshatwangwa, kwenye mifuko. Aliandika hivi: "Radi kumbe ni sombe. Bandugu, leteni kinu na mchi."

Kwa asiyejua, sombe ni majani ya muhogo, wengine wanaita kisamvu. Ni chakula chetu cha kila siku. Hakiliwi mpaka kitwangwe. Kutwanga ni kutwanga, na kijana yeyote wa kwetu anajua anachosema akimwita msichana sombe na kuwaita wenzake waje na mchi. Sitaki kuandika zaidi hata humu. Anayejua wanaume wakipokezana mchi ina maana gani ameshaelewa. Sisi sote tuliokimbia kule tunaelewa, na vijana hawa walibebwa mgongoni wakikimbizwa kutoka kwenye jambo hilo hilo, na sasa ni mzaha wao.

Nilibonyeza "Kosa". Kisanduku kikafunguka, kikaniambia: andika maana yote.

Nilianza mara tatu. Claude alikuwa karibu yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, anakula ndizi. Nikawaza kesho Ijumaa. Nikamwona Bwana Nuwagaba amesimama na karatasi, anasoma viungo vya mwili vimeandikwa na mimi, kwa kile Kiswahili chake, wanaume tisa wanasikiliza, na wote wananitazama. Mimi mwanakwaya. Mimi niliyechapwa mdomoni na mama kwa kutaja tu nguo ya ndani mbele ya wageni. Nikafuta. Nikabonyeza "Si kosa", na kwenye maelezo nikaandika: chakula.

Sekunde moja, ikapotea.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana Nuwagaba alisoma visanduku. Cha Claude kilikuwa na tusi la Kirundi la mbuzi, wakacheka sana. Changu hakikuwepo, nikashukuru Mungu. Nimeandika hapa kwamba nilimshukuru Mungu ili nikumbuke.

Jumatano, 19 Machi

Sombe kila mahali. Kila mwenye taji la waridi ni sombe. Malalamiko hayaji kwangu tena, mashine inayajibu yenyewe. Nayaona yakipita tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 29 Machi. Nakivale

Mama alipika ugali na sombe na mawese, chakula anachokipika nikija. Sonia alitazama sahani, akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Huyu mutoto ana nini?" mama akaniuliza. "Wiki mbili hagusi sombe. Iko na mimba?"

Nilicheka kicheko kibaya. Nikamfuata nje. Sonia hakunitazama, alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Yaya, wanaume ba kule mu mchezo, bananiita jina moja. Siwezi kukuambia. Nilipeleka malalamiko mara nane. Banajibu: hakuna kosa."

"Jina gani?"

Nilimwuliza! Nilimwuliza kwa uso mkavu, kana kwamba sijui. Akatikisa kichwa. Anaona haya mbele yangu, na mimi niliona haya mbele ya Claude, na vijana wao hawaoni haya mbele ya mtu yeyote. Ndivyo tulivyogawana.

"Timu yetu iko ya pili," akasema. "Nitavumilia. Mechi sita tu zimebakia, kisha Mbarara."

Alhamisi, 3 Aprili. Mbarara

Bomba la maji lile, lile la "najua saa unayokwenda". Limetajwa tena, na mashine bado haioni kitu. Si kosa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimejaribu kurekebisha. Inawezekana, kuna fomu. Fomu inauliza: kwa nini mkaguzi alisema si kosa mwanzoni, na mkubwa wake asaini. Niliijaza mpaka swali hilo. Nikamwendea Bwana Nuwagaba, nikamkuta kwenye simu na watu wa juu, jasho linamtoka, kisa bado ni fulana ya Ilara. Sasa wamemwongezea suruali.

"Nyabo, kama haiko haraka, ngoja kidogo," akaniambia; nyabo kwao ni bibi. "Hii mambo ya nguo nasumbua mimi sana."

Haiko haraka, nikasema. Ningeweza kusimama pale nikangoja. Sikungoja kwa sababu nilifurahi kuambiwa niondoke.

Ijumaa, 18 Aprili. Nakivale

Ijumaa Kuu. Kwaya. Laurent alipiga ngoma amefumba macho, machozi yanamshuka wakati wa wimbo wa Msalaba. Sikuweza kuimba ubeti wa pili.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka imepita. Mvua haijakatika siku nne. Barabara ya Kabingo ya kurudi Mbarara ni uji.

Alhamisi, 24 Aprili. Mbarara

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Leo timu ya Sonia ilicheza na timu ya Laurent. Atakayeshinda anaingia fainali. Nilifungua mechi kwenye skrini yangu, ambako wakaguzi tunasoma maneno bila nyota. Timu ya Sonia ilikuwa imebomoa ngome tano, wao mbili. Hapo Laurent na wenzake wakaanza: sombe imeiva, sombe iko tayari, nani ana mchi mrefu, tupange foleni. Mmoja akaandika majina ya wasichana wote watano, kila mmoja na zamu yake. Mashine haikukata herufi.

Sonia aliacha kucheza. Niliona Radi amesimama tuli katikati ya uwanja, anapigwa, hajitetei. Alikuwa anaandika. Kisha ikatokea, mstari mmoja mrefu. Aliandika maana ya sombe. Yote. Viungo kwa majina, kitendo kwa jina lake, na wangapi. Mwishoni: "Laurent, ile njo unamaanisha? Sema basi vile, usifiche mu mboga."

Mashine ilimfungia kabla sijamaliza kusoma. Matusi ya daraja la kwanza, hatacheza hadi mwisho wa msimu. Timu ikabaki na wanne, na kwa sheria wanne hawachezi, wala mechi ikishaanza huingizi mwingine. Ushindi akapewa Laurent.

Kile nilichoshindwa kuandika kwenye kisanduku, Sonia amekiandika mbele ya watu wote. Kilikuwa sawa kabisa, neno kwa neno, na kile nilichokifuta.

Nilikwenda chooni nikatapika. Claude aliniletea maji. "Mbega dada, vipi, una malaria?" Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 26 Aprili. Nakivale

Sonia amelala uso ukutani. Wenzake wanne wamekuja, wamekaa kitandani kwake kama kwenye msiba. Hawamlaumu kwa maneno. Mmoja wao, Élyse, alikuwa ameshashona begi lake la kwenda Mbarara lililochanika.

Alikata rufaa jana. Jibu lilikuja leo nikiwepo, akanisomea: "Neno sombe limekwisha kukaguliwa na mtaalamu wa lugha. Ni chakula. Adhabu yako inabaki."

"Mutaalamu," akasema Sonia. "Yaya, nani mutu mwenye aliandika vile? Ni mutu wa kwetu, juu muzungu hajui sombe. Lazima ni mwanaume. Alijua, na alicheka, na akaandika chakula. Mwanamuke hawezi kuandika ile kintu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikampa. Akakipokea na kuniambia asante, yaya.

Jumapili, 27 Aprili

Sijashiriki meza ya Bwana. Mama aliniona nimebaki kwenye benchi.

Jumanne, 6 Mei. Mbarara

Kituo cha vijana kimeandika barua kwa kampuni. Bwana Nuwagaba atakwenda Nakivale tarehe 17 kusikiliza pande zote. Amenichagua niwe mkalimani wake. "Wewe iko mtu ya kule," alisema. "Lakini usisema kama wewe iko mkaguzi. Ile karatasi ulisaini." Nikamwambia naelewa.

Ijumaa, 9 Mei

Kampuni imetangaza msimu ujao: wasichana watapata ligi yao peke yao, chati imezimwa. Wameiita Bustani ya Dada. Vijana watabaki na chati yao. Keki nyingine imeliwa. Sikuonja.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zinapungua. Fainali imesogezwa mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 17 Mei. Nakivale

Ukumbi wa kituo ulijaa. Vijana nyuma, wasichana watano mbele, na akina mama wa sokoni walikuja kwa sababu walisikia mtu mkubwa wa Mbarara anakuja kuzungumzia sombe. Mama Perpétue alikuwa na beseni lake magotini, alidhani ni soko jipya.

Bwana Nuwagaba alisimama na tai yake. "Hii musichana iliandika tusi mubaya. Mimi mwenyewe nasoma, nasikia aibu. Lakini yeye nasema vijana ndiyo ilianza. Laurent, wewe nasema nini?"

Laurent alisimama vizuri, mikono nyuma, kama anavyosimama kanisani. "Chef, siye tulisemaka sombe tu. Sombe ni chakula. Hata ofisi yenu ilisema ni chakula, jibu iko hapa mu simu yangu."

Vijana wakacheka huku wameinamisha vichwa. Mama Perpétue akageuka.

"Laurent. Sombe yangu inafanya nini mu michezo yenu?"

"Ni masolo tu, mama, ni kucheka tu."

"Masolo gani? Niambie na miye nicheke."

Laurent alifungua mdomo. Alimtazama mama yake, akatazama beseni, akafunga mdomo. Nilimwona, na Mungu anisamehe, nilimtambua. Ilikuwa haya ile ile. Yeye hawezi kuisema mbele ya mama yake, na ana ujasiri wa kumwandikia Sonia kila siku.

"Hata sisi natafuta kujua," akasema Bwana Nuwagaba. "Hii sombe si iko mboga? Mimi nakula yenyewe hapa Nakivale. Nyabo Gisèle, eleza sisi."

Nikasimama. Nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma, sombe ni nini wakiiandika wao, kinu ni nini, mchi ni nini, na foleni ni ya nini. Nilitaja viungo kwa majina yake. Nilisoma ile orodha ya wasichana watano na zamu zao. Mama mmoja alijifunika kitenge usoni. Mwingine akaanza kulia, mama mtu mzima aliyetoka Baraka, kule Kongo, na wote tunajua kwa nini anayajua hayo.

Halafu nikasema: "Na yule mtaalamu aliyeandika chakula ni mimi. Nafanya kazi ofisini kwao. Tarehe kumi na tatu Machi neno hili lilikuja kwangu, nilijua maana yake, nikaona haya kuiandika. Nikaandika chakula. Kila kilichofuata kimetokana na hapo."

Sonia alikuwa akinitazama tangu nilipoanza, macho yanang'aa, nadhani alikuwa anajivunia. Niliposema tarehe, akaangalia mikono yake.

Mama Perpétue aliinuka, akajitwisha beseni. "Laurent," akasema, "hiyo kinu unasemea njo ilikusomesha." Akatoka. Laurent alikaa chini, akalia kweli kweli, na sikumwonea huruma hata kidogo. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote, kwamba si mtu mbaya.

Bwana Nuwagaba alifuta uso. Kisha akatoa uamuzi wake. Neno sombe linaingia kwenye orodha leo. Laurent apewe onyo, kwa sababu siku aliyoliandika lilikuwa safi. Sonia abaki amefungiwa.

"Yeye alieleza tu!" nikapiga kelele.

"Nyabo, sheria naangalia neno. Sababu haiangalii." Aliniambia kwa upole. Alikuwa na huzuni ya kweli, na akasaini karatasi.

Jumatatu, 19 Mei. Mbarara

Nimeachishwa kazi kwa kuvunja siri ya ofisi. Claude alinisindikiza mpaka chini, kwenye duka la vitenge. Alisema angekuwa yeye asingesema. Nilimwuliza, asingesema lini, Machi au juzi?

Jumanne, 20 Mei. Nakivale

Sonia hajasema nami.

Alhamisi, 22 Mei

Élyse amepita nyumbani. Anasema akina mama waliokuwa wakitangaza mboga zao kwenye chati ya kituo ndani ya mchezo hawawezi tena, kila wakiandika sombe inatoka nyota. Chakula cha mama zetu sasa ni tusi, kwa sheria. Na vijana hawakukaa hata siku tatu. Wameshahamia mboga nyingine, lengalenga.

Jumamosi, 24 Mei

Sonia hajasema nami. Mama anatupakulia sahani mbili, kila mtu na upande wake.

Jumamosi, 31 Mei

Fainali. Timu ya Laurent imeshinda, bila Laurent. Alijitoa, kijana mwingine akachukua nafasi yake, wanasema anamsaidia mama yake kutwanga. Watano hao wanakwenda Mbarara. Mvua imekatika kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Sonia nisamehe, kisimani, na jana nilimwambia pia. Alijaza dumu lake akaondoka.

Jumamosi, 7 Juni

Tumevuna maharage. Yamekauka vizuri, maganda yanapasuka yenyewe. Leo tulitandika turubai mbele ya nyumba, mama akaenda sokoni, tukabaki wawili, kila mmoja na fimbo yake, tunapiga. Tulipiga asubuhi yote hakuna aliyesema neno. Vumbi lilituingia puani.

Jua lilipofika kichwani nilisimama ninyooshe mgongo. Sonia hakusimama. Akasema bila kuinua uso, sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi:

"Yaya, weye ulisikia haya ya kuandika ile neno mara moja."

Nikangoja.

"Miye nilikuwa nalisoma kila siku. Na ulikuwa unajua. Ulikuja hapa, ukaniuliza ni jina gani."

Akaendelea kupiga. Ndivyo ilivyokuwa. Maharage yalikuwa bado mengi. Nikaokota fimbo yangu, nikarudi upande wangu wa turubai.